Picha Ang'avu Mwisho wa Reli

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wanafunzi na wananchi, Kigoma

   

Nimeombwa niseme juu ya televisheni ya HD na matangazo mubashara ya mtandaoni, kwa kulitazama shirika letu la umma, Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Mada hii ikizungumzwa Dar es Salaam au Dodoma huanzia studio: kamera mpya, skrini zinazojaa ukuta, na mtangazaji ambaye sasa inabidi apakwe poda kwa uangalifu kwa sababu HD haifichi chunusi. Mimi nitaianzia huku mwisho wa reli, kwa mtazamaji. Nataka kuonyesha kwamba suala la HD na mtandao ni suala la nani analipa ili picha ifike, na nani ana kamera pale jambo linapotokea. Kampuni binafsi inaweza kuyapuuza maswali hayo mawili ikaendelea na biashara yake. Shirika la umma haliwezi. Nina hoja nne, na ya kwanza ni ndefu, mnivumilie.

Kabla ya hoja, historia kwa ufupi. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika hazijaiwazia. Bara serikali iliiona televisheni kuwa anasa, tukakaa bila hadi vituo binafsi vilipoanza mwaka 1994, ITV kikiwemo. Televisheni ya Taifa, TvT, ilikuja mwaka 2000, na baadaye ikaunganishwa na Redio Tanzania hadi kufikia TBC ya leo. Kwa hiyo kwa wengi walioko humu wenye mvi, shirika la umma maana yake ni redio, RTD, na huku kando ya Ziwa Tanganyika hata RTD yenyewe ilikuwa na washindani: stesheni za Burundi na Kongo zilizokuwa karibu nasi kuliko Dar es Salaam.

Kisha ikaja dijitali. Mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa analojia kwa Afrika na Ulaya. Sisi hatukungoja. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, Tanzania ikawa ya kwanza Afrika Mashariki, na miji mingine ikafuata kwa zamu. Neno king'amuzi likaingia kila nyumba, pamoja na ugomvi wake.

Hoja ya kwanza: anayelipia njia

Picha ya kawaida ya televisheni tuliyoizoea ina mistari 576, kila mstari una nukta 720. HD kamili ina mistari 1,080 yenye nukta 1,920. Wanafunzi wa hesabu wazidishe: nukta za HD ni mara tano ya zile za zamani. Hakuna anayezisafirisha zote mbichi. Hubanwa kwanza, mtambo ukituma zaidi yale yaliyobadilika kutoka picha moja hadi inayofuata. Ndiyo maana msomaji wa taarifa ya habari aliyetulia mezani ni mwepesi kurushwa, na mawimbi ya ziwa yenye jua juu yake ni kazi ngumu. Aliyewahi kurekodi machweo pale Kibirizi akayatuma kwa WhatsApp anajua ninachosema. Ziwa linafika kwa ndugu yako limegeuka vigae.

Picha hiyo iliyobanwa ina njia mbili za kukufikia. Ya kwanza ni mnara na antena. Hii ni kama adhana: wakiisikia watu kumi au elfu kumi, muadhini hachoki zaidi. Gharama yote iko kwa mwenye mnara, na mtazamaji wa elfu kumi na moja hamuongezei hata senti. Ya pili ni mtandao. Huko kila mtazamaji hupelekewa nakala yake. Watazamaji elfu ni nakala elfu, na kila nakala inalipiwa mara mbili, na anayeituma na anayeipokea.

Tufanye hesabu ya anayeipokea. HD nzuri mtandaoni huhitaji kama megabiti 5 kila sekunde. Kwa saa moja ni megabiti 18,000, ambazo ni gigabaiti 2 na robo. Mechi ya mpira na mapumziko yake, pamoja na porojo za wachambuzi, ni zaidi ya gigabaiti 4. Sasa nendeni pale Mwanga mkamuulize muuza vocha ni wateja wangapi kwa siku wanaonunua bando la ukubwa huo. Wengi wananunua la saa 24, la kuingia WhatsApp na kutoka. Programu za kutazama zinalijua hilo, ndiyo maana picha ikizidiwa hushushwa daraja kimyakimya: inaanza na ukungu, inasafika kidogo, inarudi ukungu. Tangazo linasema HD, lakini simu inaonyesha kile ambacho bando na mnara wa jirani vimeruhusu.

Sisemi mtandao ni mbaya, nitaufikia. Nasema shirika la umma likihama kutoka mnarani kwenda mtandaoni, limehamisha ankara kutoka kwake kwenda kwa mwananchi, na ankara hiyo haigawanywi sawa. Wa Dar es Salaam mwenye intaneti ya nyumbani haoni tofauti. Mvuvi wa Sibwesa anaiona.

Na Sibwesa si mfano wa kubuni shida. Huko kwao, kusini mwa Uvinza, Milima ya Mahale inapanda hadi mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, ikikinga mawimbi ya mitambo kama inavyokinga mvua. Analojia ilikuwa na uvumilivu: mawimbi yakidhoofika ulipata chengachenga, lakini sauti ulisikia. Dijitali haina chengachenga. Inakupa picha safi, kisha inaganda, kisha haipo. Ukivuka kilima kimoja umeikosa yote. Kwa vijiji vya namna hiyo nisingeanza na HD kabisa. Mtu mwenye televisheni ndogo ya sola, ameketi mita tatu kutoka kwenye kioo, hawezi kutofautisha mistari 576 na 1,080, na asiambiwe kwamba anapungukiwa. Anachopungukiwa ni picha isiyokatika.

Tukumbuke pia umeme. Kigoma iliwashwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na Kasulu na Kibondo zilipata Gridi ya Taifa mwaka 2022 tu. Watu walinunua ving'amuzi kabla ya kuwa na hakika ya taa.

Mfano wa mwisho katika hoja hii, maana naona mwenyekiti anatazama saa. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, uvuvi ulisimamishwa upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Hilo ni jambo linalogusa chakula cha kila nyumba kuanzia Kagunga hadi Kasanga. Mvuvi alihitaji kujua tarehe, zana zinazoruhusiwa, adhabu, na aende wapi na njaa yake. Habari kama hiyo haipaswi kutegemea bando. Inapaswa kumkuta mtu amelala na redio pembeni, au anakula huku televisheni ya jirani iko wazi.

Hoja ya pili: picha inayotoka Kigoma

Hapa mtandao unaanza kupata sifa zake.

Jumapili ya 25 Julai 2021 nchi nzima ilihamia hapa. Fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, Uwanja wa Lake Tanganyika. Nyumba za wageni zilijaa, na waliokosa tiketi wakajaza vibanda umiza. Fikirini njia iliyopitiwa na picha ile. Kamera uwanjani hupeleka picha kwenye gari la matangazo lililoegeshwa nje. Dishi la gari huipandisha satelaiti, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Inashuka kituoni Dar es Salaam, inawekwa nembo, inabanwa, inapanda tena satelaiti, kisha inashuka kwenye dishi la kibanda kilicho mwendo wa dakika chache kutoka golini. Ni zaidi ya kilomita 140,000 ili kuvuka mitaa miwili!

Safari yenyewe huchukua kama nusu sekunde. Kinachochelewesha ni kubana na kubanua, na hapo sekunde kadhaa hupotea. Kwa hiyo mwenye kibanda jirani na uwanja anakuwa na tatizo ambalo mwenzake wa Mbeya hana: kelele za uwanjani hupita juu ya bati kabla ya picha. Kwenye kioo mpira ulikuwa bado haujamfikia Taddeo Lwanga, na mtaa ulishajua kwamba Simba wamepata bao, lililokuja kuwa la pekee. Wa simu alichelewa kuliko wote. Mtandao hukata picha vipande vya sekunde chache chache, na simu hukusanya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha. Huenda nusu dakika ikapita. Wenzake wameshakaa chini, yeye ndiyo anaruka.

Kazi ile ilifanywa na kampuni ya Azam, na ilifanywa vizuri. Mwaka huohuo kampuni hiyo iliingia mkataba wa miaka kumi wa Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. TBC haiwezi kushindana na fedha hizo, na kwa maoni yangu isijaribu. Kinachonisumbua ni kingine: uwezo wa kutoa picha ya HD Kigoma ulikuja na mechi ukaondoka na mechi. Jumatatu magari yalishika barabara ya Tabora, nasi tukabaki na simu zetu.

Kumbukeni Kagunga, Mei 2015. Makumi ya maelfu ya ndugu zetu wakimbizi kutoka Burundi walibanana kwenye ufuko mwembamba uliofungwa na mlima nyuma na maji mbele. Kipindupindu kikaingia. Liemba, meli iliyozinduliwa hapa hapa mwaka 1915, ikawa inakwenda na kurudi ikiwabeba. Picha nyingi za siku zile zilizouzunguka ulimwengu zilipigwa na mashirika ya nje, na sisi tuliziona zikirudi kwetu zikiwa na maelezo ya wengine. Maelezo hayo hayakuwa ya uongo. Lakini yalikuwa ya mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi, asiyejua kwamba wenyeji wa Kagunga na wageni wale walikuwa wakiuziana mihogo na dagaa miaka yote.

Siku hizi gari la matangazo si lazima. Kuna kifaa kinachobebwa mgongoni kama begi la mwanafunzi, kina laini kadhaa za simu za mitandao tofauti, kinagawa picha ya HD vipande na kuipitisha kote kwa pamoja, kisha inaunganishwa studio. Mwandishi mmoja anaweza kusimama mwalo wa Katonga alfajiri, mitumbwi inaingia, na picha ikawa Dodoma papo hapo. Bando hapo hulipiwa na shirika, tena mara moja kwa niaba ya nchi nzima.

Hapo ndipo ninaposimama mimi: mtandao utumike kuitoa picha Kigoma, antena itumike kuileta. Mipango mingi niliyoisikia inafanya kinyume. Inaacha kamera Dar es Salaam na kumpelekea mwananchi kiungo cha YouTube.

Na YouTube yenyewe, kwa kuwa nimeitaja: ni nyumba ya kupanga. Wimbo ukisikika nyuma ya ripoti ya harusi, mashine ya mwenye nyumba inaweza kuizima ripoti nzima. Shirika la umma liwepo pale, lakini liwe pia na hifadhi yake.

Hoja ya tatu: maktaba

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960. Mwaka 1962 akaja mpiga picha, Hugo van Lawick, akiwa na kamera za filamu ya milimita 16. Desemba 1965 Wamarekani wakawaona sokwe wetu kwenye televisheni ya CBS. Kigoma wakati huo haikuwa na televisheni hata moja ya kuwaonea. Filamu iliyobaki ikakaa ghalani Marekani, na zaidi ya saa mia moja za picha zile zilipofunuliwa tena miongo kadhaa baadaye, zikatengenezwa filamu iliyotoka 2017, inaitwa Jane. Itazameni mkiweza. Majani, manyoya, maji ya kijito cha Kakombe, vyote viko wazi kana kwamba vimerekodiwa mwaka jana.

Sababu ni ya kiufundi na ina funzo kwa TBC. Filamu ya milimita 16 ina undani mwingi ndani yake. Ukiisoma kwa mashine ya leo inatoa HD. Kanda ya video ya miaka ya 1980 na 1990 haina. Kilichorekodiwa kwa mistari 576 kitabaki na mistari 576, hata ukikionyesha kwenye kioo cha ukubwa wa mlango. Kwa hiyo faida kubwa ya HD haiko kwenye taarifa ya habari ya leo saa mbili usiku, ambayo kesho haina mtu wa kuitazama. Iko kwenye kile kitakachotafutwa mwaka 2060. Kama fedha ni chache, kamera itangulie mnara: rekodi kwa HD hata kama unarusha kwa kiwango cha kawaida.

Redio Tanzania ilituachia mfano mzuri. Wakati ambapo viwanda vya sahani za muziki vilikuwa mbali, bendi zilikwenda kurekodi RTD, na kanda zile ndizo kumbukumbu ya muziki wa dansi wa nchi hii. Hakuna aliyekuwa akifikiria urithi. Walikuwa wanajaza saa za vipindi, lakini walitumia mitambo bora waliyokuwa nayo. Desemba 2018 TBC ilizindua Tanzania Safari Channel, na kwa chaneli ya wanyama na mandhari HD ni lazima. Ningeomba tu kamera zile zikishuka Mahale zisipite Katonga zimefunikwa. Mama anayeanika dagaa mchangani, anavyowageuza kwa fagio na kufukuza kunguru kwa mkono wa pili, naye ni sehemu ya Tanzania itakayotafutwa.

Na ninyi wenyewe mna kazi. Mikanda ya VHS ya harusi, ya maulidi, ya mashindano ya shule, iliyo chini ya vitanda vya Ujiji: kiwanda cha mwisho kinachojulikana cha deki za VHS, cha Funai wa Japani, kiliacha kuzitengeneza Julai 2016. Deki zilizobaki zinazidi kufa. Mwenye mkanda na autoe mapema.

Hoja ya nne: yale marefu yasiyo na soko

Hii ni fupi. Tarehe 27 Januari 2016 waziri mwenye dhamana ya habari, Nape Nnauye, alilieleza Bunge kwamba TBC itapunguza kurusha mijadala moja kwa moja, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa ikigharimu shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na kwamba wananchi watapata kipindi cha usiku cha muhtasari. Mbunge wa Kigoma Mjini wa wakati huo, Zitto Kabwe, alisimama kuomba shughuli iliyokuwa mezani iahirishwe ili kauli hiyo ijadiliwe. Mnakumbuka ilivyokwisha: polisi waliingia ukumbini na wabunge wa upinzani wakatolewa.

Siasa zake nawaachia. Kiufundi, hapa ndipo mtandao unapomfaa mtangazaji wa umma hasa. Chaneli ya mnarani ina saa 24, na saa sita za Bunge zinasukuma vipindi vingine nje. Mtandao hauna mwisho wa saa. Bunge zima, kamati zake, baraza la madiwani, mahakama inaporuhusu, hata mhadhara huu, vyote vinaweza kurushwa kwa gharama ndogo na kubaki vikingoja anayevihitaji. Watazamaji watakuwa wachache, na kuna wengine ambao mnara hautawafikia kamwe. Wakongo waliokulia kambi ya Nyarugusu, pale Kasulu, sasa wamesambaa katika miji ya Marekani, na Kiswahili chao ni cha huku. Mtoto wa Ujiji aliyeko Muscat naye yumo. Kwa hao, HD ya mtandaoni si anasa hata kidogo, na bando wanalo.

Yaliyo mbele

Analojia ilipozimwa, nafasi iliyoachwa hewani iligawanywa upya, na sehemu ya juu ya masafa ya televisheni ikapewa simu. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyauza kwa mnada masafa ya megahazi 700. Kilichobaki kwa antena ni megahazi 470 hadi 694, na kampuni za simu duniani zinakitolea macho. Mkutano wa masafa wa dunia uliofanyika Dubai mwaka 2023 haukulimaliza suala hilo. Limepangwa kurudi mezani 2031. Tanzania itakuwa na kiti pale, na itakwenda na msimamo utakaokuwa umeandaliwa miaka kadhaa kabla. TCRA hukusanya maoni ya wadau, na wadau wanaojitokeza kwa kawaida ni kampuni. Sijawahi kusikia maoni yaliyoandikwa na wavuvi, au na walimu wa Uvinza, kwamba antena kwao ni kitu gani.

Napendekeza yaandikwe, na yaanze hapa. Kila shule iliyowakilishwa leo inaweza kuwatuma wanafunzi wake wapite nyumba kwa nyumba katika kata yao, waulize mambo matatu: unatazama kwa antena, kwa dishi au kwa simu; picha inaganda lini na wapi; na kwa mwezi unalipa kiasi gani ili uone chaneli ya taifa. Ramani ya majibu hayo ndiyo TBC na TCRA wanayoihitaji kabla ya kuamua mnara unaofuata ujengwe mlima gani. Fomu nimekuja nazo, ziko kwa katibu pale mlangoni. Za Buhingu na Kalya nitaomba nahodha wa boti azichukue.

Mwenyekiti, nimemaliza. Niko tayari kwa maswali, tukianza na mzee wa kofia ya kiua aliyenyoosha mkono tangu hoja ya kwanza.